Barua ya Tabia Njema ya Mzee Sedekia

Kaka yangu Othmani yuko jela Iringa. Hapa Mbeya mjini watu wanasema aliiba pesa ya kodi. Kwa neno hilo nimeshapigana mara mbili, mmoja nilimvunja jino pale sokoni, lakini siwezi kupigana na mji mzima, kwa hiyo naandika. Hakuiba hata senti. Amefungwa kwa barua moja aliyomwandikia mzee aliyetaka kununua bunduki.

Sisi ni baba mmoja, mama mbalimbali. Baba alikuwa fundi cherehani, ukoo wa watu waliokuja zamani na misafara kutoka pwani wakabaki huku kwenye baridi. Mama yake Othmani ni wa watu wale wale. Mama yangu mimi ni Lusia, Mnyakyusa wa Ilumbo, kule juu njia ya Tukuyu. Ndiyo maana naitwa Isihaka, lakini nikikasirika natukana Kinyakyusa.

Othmani alikuwa mwoga toka utoto. Simdharau, ndivyo alivyo. Akitumwa dukani anazunguka nyuma ya soko ili asipite kwa mbwa wa Mgiriki, na mbwa mwenyewe mzee, hana meno. Mwalimu akiingia na fimbo yeye analia kabla hajaguswa. Lakini mwandiko wake sasa. Herufi zake zilikuwa zimenyooka kama mistari ya mahindi ya mishenari. Mimi walinifukuza darasa la nne kwa sababu nilimrudishia mwalimu kofi lake, yeye akamaliza shule vizuri, na mwaka hamsini na tano wakampa ukarani wa baraza la Ilumbo. Akanunua baiskeli. Akamwoa Kudra, wakapata mtoto. Jumatatu anapanda mlima kwenda kazini, Ijumaa anashuka mjini kuswali na kulala kwake.

Kule Ilumbo aliandika kesi za mbuzi, ndoa, kodi, mipaka ya mashamba. Na aliandika barua za bunduki. Hizo ndizo alizoziogopa.

Bunduki kwa mtu mweusi siyo kitu cha kuingia dukani na pesa ukatoka nacho. Kwanza unakwenda kwa jumbe wako, unasema shida yako: nguruwe pori, nyani, chui anakula ndama. Jumbe anamwambia karani akuulizie. Karani anayo karatasi ya maswali kutoka Boma. Mtu huyu ni mlevi? Amewahi kufungwa? Akili zake nzima? Ana ugomvi na jirani au ndugu? Bunduki ataiweka wapi? Karani anatakiwa aende kwa miguu yake, aulize majirani, aulize na watu wa ndani ya nyumba, halafu aandike chini: nimeuliza mwenyewe, majibu haya ni ya kweli. Anatia sahihi, jumbe anabandika dole gumba. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya pale Boma, hamjui mtu wa Ilumbo, atamjulia wapi? Anasoma barua ya karani, anagonga muhuri, cheti kinatoka.

Chini kabisa ya ile karatasi kuna mstari unasema atakayeandika uongo atafungwa. Othmani alinionyesha siku moja. Akanambia, "Isihaka, mtu akipiga mtu kwa bunduki, wanaanza kusoma kutoka juu. Wakifika chini wananikuta mimi."

Nikamwambia, "Basi uliza vizuri."

"Nauliza vizuri," akasema.

Mwezi wa kumi mzee Sedekia alikuja barazani kuomba bunduki. Mtu mzima, mkristo, anajulikana, suruali yake ya Jumapili imepigwa pasi. Mwaka ule alikuwa amezika watoto wawili, wa pili akiwa Edmund, mvulana wa miaka tisa aliyevimba tumbo siku nne akafa. Akasema nguruwe wanamaliza viazi. Hilo halikuwa uongo. Nguruwe walikuwa wanamaliza viazi vya kila mtu.

Othmani akapanga siku ya kwenda kuuliza. Asubuhi hiyo Sedekia akaja kumchukua mwenyewe. Akambebea mkoba wa karatasi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, akamshikia mwavuli njia nzima. Othmani alifurahi, hajawahi kushikiwa mwavuli na mtu wa umri wa baba yake. Wakaenda kwa jirani wa kwanza. "Mzee Sedekia ni mtu wa namna gani?" Jirani akamwangalia karani, akamwangalia na mwenye mwavuli, akasema ni mtu mwema sana. Wakaenda kwa wa pili. Mwema sana. Hana ugomvi na mtu.

Mwisho wakafika nyumbani kwake. Pale alikuwepo mke wa mwanawe, jina lake Marta. Mume wake Anyitike yuko migodini Afrika ya Kusini mwaka wa pili. Marta alipowaona tu alikimbilia kwenye migomba, akachuchumaa, akajifunika kanga kichwa kizima. Othmani akamfuata mpaka pale. Akamwuliza kwa adabu kabisa, na kalamu mkononi, "Dada, una neno lolote juu ya baba mkwe wako?"

Marta kimya.

Akauliza tena. Kimya. Othmani akaandika: watu wa nyumba yake wameulizwa, hawana neno. Akatia sahihi. Baada ya wiki tatu cheti kikatoka Boma.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilikuwa utingo kwenye lori la Jaha, tunabeba viazi na ndizi kwenda Iringa. Niliyajua Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, niko kwa Othmani nakunywa chai na mihogo. Mama yangu, ambaye anakaa hapa hapa mjini, akaingia na mwanamke kijana, miguu imejaa tope mpaka magotini.

Mama akasema, "Huyu ni Marta, binti Saulo wa kwetu Ilumbo. Ameolewa kwa Sedekia. Kawaambia anakwenda kanisani, kashuka mlima. Msikilizeni, hana siku nzima."

Kudra akamletea kiti. Marta hakukaa kwenye kiti, akakaa chini.

Othmani akaelewa ni nani. "Wewe ndiye niliyekuuliza kwenye migomba. Ukasema huna neno."

"Sikusema sina neno," Marta akasema. "Sikusema kitu."

Mimi nikaweka kikombe chini. "Kaka, ulimwulizia wapi?"

"Nyumbani kwao."

"Na Sedekia alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo hapo, kanishikia mwavuli."

Mama yangu akajishika kichwa. Mimi nilitaka kucheka na kumpiga kwa pamoja. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hatamki jina lake. Hapiti njia aliyopita. Akisikia kikohozi chake anaruka kwenye majani. Akivunja mwiko huo anajua watoto wake wataumwa na tumbo lake litafunga asizae. Huyu kaka yangu mwenye hati ya shule alikaa Ilumbo miaka miwili, akamwuliza mkwe habari ya baba mkwe na baba mkwe mwenyewe kasimama pale. Ungemkata yule dada shingo asingesema.

"Sasa umekuja na neno gani?" Othmani akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa nyembamba.

Marta alisema akiangalia ukutani, na jina hakulitaja mpaka mwisho. "Tulipomzika Edmund, yule mwenye nyumba alisimama kwenye kaburi. Akasema aliyemla mtoto wake atapasuliwa tumbo, watu wamwone chatu wa uchawi aliyemo. Halafu akaangalia ng'ambo ya mto. Ng'ambo ya mto kuna nyumba moja tu, ya baba yangu."

"Kwa nini baba yako?"

"Mwaka jana watu wa kwa mume wangu walichinja ng'ombe. Wakamgawia baba shingo. Yeye ni mtu mzima, haki yake mguu. Akasema, haya, tutaona. Ni neno tu, bwana karani. Mtu kapewa shingo mbele ya watu, atasema nini? Edmund akaja kufa. Basi lile neno ndilo wameliokota."

"Maneno ya msibani," Othmani akasema. "Mtu akifiwa anasema mengi."

Marta akatikisa kichwa. "Mimi siruhusiwi kumwangalia. Namwona kwenye tundu la ukuta, ukuta wetu wa mianzi. Toka ulipokuja wewe, kila jioni anasimama kwenye migomba na mpini wa jembe. Anauweka begani. Anafumba jicho. Anaulenga mlango wa baba. Anangoja. Baba akitoka nje anasema polepole, 'Tayari.' Halafu anarudi ndani, anakula ugali."

Mtoto wa Kudra alikuwa anagonga kijiko kwenye sahani, Kudra akamnyang'anya.

"Mzee Saulo anajua?" nikauliza.

"Nilimwambia. Anasema ahame aende wapi, akihama watasema kweli ni mchawi. Na kwa jumbe siwezi kwenda. Jumbe atamwita yule, atanisimamisha mbele yake, ataniambia nitaje jina."

Othmani akasimama, akakaa. "Lakini bado hajanunua. Kesho nitakwenda Boma."

"Ameshaondoka," Marta akasema. "Jana kapanda basi. Duka la Mbeya bunduki zimekwisha, wamemwambia aende Iringa."

Jamani, mimi nimeona watu wameogopa. Nimeona abiria lori limekosa breki. Lakini mtu kukauka namna ile nilikuwa sijaona. Midomo ya Othmani ilikuwa kama ya mtu aliyekula majivu. Jumapili Boma imefungwa. Jumatatu saa mbili duka la Iringa linafunguliwa, mzee anaonyesha cheti chenye muhuri halali, kilichotoka kwa barua halali, yenye sahihi ya Othmani.

"Jaha anaondoka saa sita," nikamwambia. "Viazi vya soko la kesho. Panda."

"Nikaseme nini?"

"Ukaseme ukweli."

"Ukweli ni kwamba niliandika nimeuliza na sikuuliza. Isihaka, ule mstari wa chini unanisema mimi."

"Basi kaa," nikamwambia. "Kaa hapa unywe chai. Akishampiga Saulo tutakuja kukuambia, utamalizia kikombe." Nilikuwa nimesimama, mama akanivuta shati.

Kudra alikuwa hajasema. Akasema sasa, taratibu, na mtoto kifuani. "Ukienda watakufunga."

"Ndiyo," Othmani akasema.

"Na usipoenda?"

Kudra akaenda chumbani, akarudi na koti lake, akamwekea begani.

Tulipanda. Jaha akamweka Othmani juu ya magunia pamoja na mimi, maana mbele alikuwa kakaa mwenye viazi. Barabara ile unaijua, vumbi mpaka Chimala, halafu mvua, halafu tope. Alitapika mara mbili. Kila tukipita kilima ananiuliza, "Tukichelewa je?" Namwambia tutawahi. Halafu anauliza, "Na tukiwahi je?" Makumbako tukalala kwenye magunia. Asubuhi tukaendelea, tukapita njia panda za kwenda Igowole, baridi inakata masikio. Saa nne hivi tukaingia Iringa. Jaha akatushusha karibu na soko, akasema, "Haya mawakili, mimi nashusha viazi," akaondoka.

Duka la bunduki la Mhindi lilikuwa na vyuma dirishani. Mwuzaji alikuwa Mhehe mmoja mwenye miwani, anaitwa Joachim. Na mzee Sedekia alikuwepo. Kakaa kwenye benchi ndani, suruali ile ile ya Jumapili, kofia gotini. Bunduki ilikuwa juu ya meza, ya risasi za marisau, mpya, inanuka mafuta.

Nikafikiri tumechelewa. Kumbe Joachim alikuwa amemkatalia.

"Mzee, nimekuambia toka saa mbili," Joachim alikuwa anasema bila kuinua macho kwenye buku lake. "Cheti ni kizuri. Muhuri ni mzuri. Lakini cheti hakina sura. Nitajuaje kama wewe ndiye Sedekia, hukukiokota kwenye basi?"

"Dole gumba langu lipo hapo."

"Nimeliona. Macho yangu hayasomi madole. Niletee mtu wa kwenu anayekujua, aandike jina hapa, uchukue bunduki yako uende. Nikiuza kwa asiye mwenyewe hawamfungi Bwana Shauri, wananifunga mimi na watoto sita."

Sedekia akageuka kuangalia mlango. Akatuona. Uso wake ukafunguka wote.

"Mwanangu karani," akasema. "Mungu ni mwema. Ni huyu. Huyu ndiye aliyeniandikia."

Joachim akavua miwani. "Wewe ni karani wa kwao?"

"Ndiyo," Othmani akasema.

"Unamjua mtu huyu?"

"Namjua."

Alisema hivyo. Nilimbana mkono mpaka kucha zikaingia. Ilikuwa woga tu, mtu mkubwa kamwuliza, yeye akajibu kama darasani. Joachim akaligeuza buku, akamsogezea kalamu. "Tia sahihi hapo. Kwamba unamjua, na kwamba hujui sababu ya kumzuia asipewe."

Sedekia alikuwa amesimama. Akaichukua ile bunduki mezani, taratibu, kama unavyompokea mtoto. Haikuwa na risasi, Joachim alimwacha. Akaiweka begani. Akafumba jicho moja, akaulenga mlango wa duka. Kule nje mama mmoja alikuwa anapita na ndizi kichwani. Akamfuata na mdomo wa bunduki mpaka alipopita.

"Nyepesi," akasema.

Othmani aliona. Kalamu ilikuwa imeshaandika O, na mkia wa T. Ikasimama. Jasho lilimdondoka likaangukia buku, Joachim akasogeza karatasi isiharibike.

"Andika, bwana," Joachim akasema.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Usimwuzie." Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Usimwuzie. Cheti kimetoka kwa barua yangu, na barua yangu ni ya uongo. Niliandika nimeuliza watu wa nyumba yake. Sikuwauliza inavyotakiwa."

Sedekia hakuishusha bunduki mara moja. Aliigeuza kidogo, ikawa inatuangalia sisi. Najua haikuwa na kitu. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua moja. Halafu akaishusha, akaiweka mezani alipoitoa, akaifuta kwa kiganja pale aliposhika.

Joachim aliivuta upande wake, akapitisha mnyororo na kufuli. Akamtuma mfagizi wake polisi.

Polisi walitukalisha benchi moja, Sedekia katikati, mimi na Othmani pembeni. Askari alikuwa mlangoni, hajali. Sedekia alikuwa anazungusha kofia yake gotini. Halafu akasema kwa Kinyakyusa, polepole, siyo kwa kaka, kwangu mimi.

"Wewe si mtoto wa Lusia?"

"Ndiyo, mzee."

"Lusia hajambo?"

"Hajambo."

"Watu wa nyumbani wakishuka Mbeya bado wanapita kwake?"

Mimi mdomo wangu naujua, hauna breki. Nilishamtukana hata mzungu wa barabara. Siku ile ulimi ulikwama. Nikamwona kichwani mwangu Marta anapanda mlima jana yake, tope miguuni, anakimbia afike kabla watu hawajauliza mbona kanisani hakuonekana.

"Hawapiti," nikasema. "Mama hana wageni."

"Ahaa," Sedekia akasema.

Wakamwita Othmani ndani, mlango ukabaki wazi. Inspekta alikuwa Mzungu kijana, Kiswahili chake cha kusukuma lakini kinaeleweka. Akamwuliza kwa nini ametoka Mbeya mpaka Iringa juu ya viazi kusema barua yake ni ya uongo. Kuna kitu alisikia?

Othmani aligeuka kuangalia mlangoni, tulipokaa.

"Sikiliza, karani," Inspekta akasema. "Kama mtu alikuja kukuambia mzee huyu ni hatari, mtaje. Nitaandika kwamba ulidanganywa kwanza, baadaye ukapata habari, ukakimbia kutuambia. Hapo wewe ni shahidi. Unarudi kazini. Kama hakuna mtu, basi wewe mwenyewe uliandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na hicho ni kifungo."

"Nikimtaja, bwana, mzee atajua?"

"Lazima ajue. Tunamnyima kitu alichopewa na Boma. Yatasomwa kortini, yeye akisikia."

Niliona mgongo wa kaka yangu. Shati limelowa mpaka kwenye mkanda. Kando yangu Sedekia alikuwa ameacha kuzungusha kofia. Alikuwa amegeuza sikio upande wa mlango, sikio zima, kama mtu anayengoja nguruwe shambani.

Nilimwomba Mungu aseme. Nitasema ukweli, nilitaka amtaje. Nilifikiri mtoto wake, na Kudra, na baiskeli. Marta si ndugu yetu. Nilisema moyoni, sema, mjinga wewe, sema turudi nyumbani.

"Hakuna mtu," Othmani akasema.

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna. Sheria ilinitaka niulize majirani na watu wa nyumbani. Mimi nilizunguka na mwombaji mwenyewe, kanishikia mwavuli, nikawauliza mbele yake. Hakuna mtu aliyesema kitu, kwa sababu hakuna mtu aliyepewa nafasi ya kusema. Nikaandika hawana neno. Huo ndio uongo wangu. Andika hivyo, bwana."

Inspekta akamwangalia, akaangalia nje kwetu benchini. Nafikiri alielewa. Akaandika hivyo hivyo.

Walimpa miezi sita. Cheti cha Sedekia Bwana Shauri alikifuta, ikaandikwa Boma asipewe kingine. Sedekia alirudi Ilumbo na basi, mikono mitupu. Watu wa Mbeya waliona karani haonekani, wakatunga habari ya pesa ya kodi, na Kudra anashona vitambaa vya meza, haendi kisimani saa wanapokwenda wengine.

Nilikuwa na hasira na Othmani karibu mwezi mzima. Sikwenda kumwona. Halafu nikaanza kwenda, maana Jaha anafika Iringa Jumapili ya pili na ya nne, na jela wanaruhusu robo saa.

Habari nazipata Alhamisi tukipakia ndizi Ilumbo. Marta yupo pale pale, anajifunika akisikia kikohozi, hakuna aliyemgusa. Anyitike bado hajarudi kutoka Kusini. Saulo analima ng'ambo ya mto. Kanisani anakaa mwisho, Sedekia anakaa mbele, hawasalimiani. Na watu wananong'ona kwamba upande wa Kilolo au sijui wapi kuna mhunzi anatengeneza gobore kwa bomba la maji, haulizi barua, haulizi cheti, haulizi jina. Hilo sijamwambia kaka.

Jumapili iliyopita alikuja kwenye wavu amekonda, kichwa kimenyolewa. Hakuuliza habari ya Kudra kwanza. Haulizagi.

"Saulo mzima?"

"Mzima."

"Ulimwona mwenyewe, au uliambiwa?"

"Nilimwona kwa macho. Alikuwa anaezeka paa."

"Lini?"

"Alhamisi, kaka."

Akahesabu kwa vidole kwenye wavu. Ijumaa, Jumamosi, leo. Midomo yake ikakauka kama siku ile ya chai.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu hujamwona." Askari akapiga filimbi.